Salamu ya Dola Moja

Katika kafeteria moja ya Wamalabari huko Al Muraqqabat, Dubai, meza iliyo kando ya jokofu la soda ina viti vinne, na kimoja hakikaliwi. Hakuna aliyekipiga marufuku. Wakenya hufika pale Jumapili baada ya ibada, hujazana, huvuta viti vya meza za jirani, wengine husimama na vikombe vyao vya chai ya karak mkononi, na kile kiti hubaki kimeelekea ukutani. Na mazungumzo yakifika mahali fulani, mmoja akisema anatafuta dola za mtandaoni, mwingine akisema anamjua anayeuza, huingia kimya kifupi, kama pengo la jino ambalo ulimi hauachi kulipapasa. Zamani pengo hilo lilikuwa na jina. "Mngojeni Shem akague kwanza," watu walisema. Siku hizi wanaendelea na mengine.

Shem Lugalia alizaliwa Vihiga, kwa baba aliyekuwa karani wa kupima majani ya chai. Kila siku ya kununua, kabla ya kikapu cha kwanza, karani yule alitoa jiwe lililoandikwa kwa rangi nyeupe kilo kumi, akaliweka kwenye mizani mbele ya wakulima, mshale ukasimama kwenye kumi, ndipo kazi ikaanza. Alilitoa hata siku ambayo wa kwanza kwenye foleni alikuwa mchungaji wa kanisa lake mwenyewe. Mchungaji akacheka: "Karani, hata mimi?" Baba yake Shem akamjibu, bila kuinua macho, "Si wewe, mchungaji. Ni mizani."

Shem alikuja Dubai akiwa na miaka ishirini na sita, akavaa sare ya ulinzi, akasimama milangoni. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Mlinzi akisimama miaka kumi na moja kwenye milango ya watu hujifunza jambo moja: anayeingia kwa haraka akitabasamu sana, ndiye wa kuombwa kitambulisho. Usemi wake ulikuwa mpole, na upole huo ulifanya kuombwa kitambulisho kusimuume mtu.

Dola za mtandaoni alizijua kwa hasara ya mwenzake. Binamu yake aliwahi kuonyeshwa picha ya simu yenye fedha tele, akatoa mshahara wa miezi minne, na picha ikabaki picha. Baada ya hapo Shem alikaa na simu yake wiki nzima akijifundisha. Jambo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Mtu akisema ana dola elfu kumi, anaweza kukupa anwani ya pochi yake, ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu, nawe ukaitafuta kwenye daftari la wazi ambalo yeyote duniani hulisoma. Utaziona dola zimekaa humo. Hapo ndipo wengi huridhika. Lakini daftari husema pochi ina kiasi gani, halisemi ni ya nani. Hata asiye na kitanda anaweza kusimama nje ya jumba la tajiri akakuambia ni lake. Mwenye nyumba ni mwenye ufunguo. Kwa hiyo Shem alimtaka kila muuzaji atume dola moja kutoka pochi ile kwenda kwa mnunuzi, pale pale, yeye akitazama. Ikifika, basi mkono wa muuzaji unafika ndani. Dola hiyo aliiita salamu.

Malipo yake yalikuwa chai bila sukari. Rafiki yake Nick, mlinzi mwenzake, mtu wa Nakuru asiyejua kunong'ona, alimtania kila Jumapili. "Huyu jamaa siku akienda mbinguni," alisema, "atamwambia Petro, buda, fungua kwanza huo mlango na ufunguo wako nione." Watu wakacheka. Shem naye alicheka, akageuza kikombe chake. Alipenda kuwa mtu ambaye watu humngoja. Nyumbani hakuwa na shamba la maana, wala mke. Hapa alikuwa na neno lake, na watu walitia fedha zao juu ya neno hilo.

Sasa ni lazima Mzee Mundhir aingie, kwa sababu bila yeye hakuna Shem wa Dubai.

Mzee Mundhir alitoka Unguja akiwa kijana, akafungua duka la vipuri vya magari Al Qusais, akaoa, akazeekea hapo. Miaka saba iliyopita kampuni ya ulinzi iliyomwajiri Shem ilianguka. Mishahara ikakatika, malazi yakafungwa, vibali vikaning'inia. Shem alikuwa akishinda kivulini mbele ya maduka, na siku moja mzee akamuuliza, "Wewe, mwanangu, unamngoja nani kila siku?" Alilala miezi mitano katika stoo ya mzee, kwenye godoro lililowekwa kati ya rejeta na milango ya Land Cruiser. Bi Ghania, mke wa mzee, alimletea chakula kwenye bakuli la chuma lenye kifuniko. Hakuna aliyemuuliza dini yake wala atarudisha nini. Alipopata kazi tena akaenda na kilo tano za mchele kushukuru, Bi Ghania alimwangalia mpaka akaona haya. "Tumekuuzia?" aliuliza.

Kwa hiyo Phyllis, mmoja wa watu wa Jumapili, aliposema amesikia kuna mzee wa vipuri anayeuza dola kwa bei ya haki, na jina likatajwa, Shem alifurahi. Alifikiri, safari hii kazi itakuwa nyepesi.

Phyllis alikuwa ametunza watoto watatu wa familia moja kwa miaka tisa, tangu mkubwa wao hajaota meno. Watoto wamekua, madam amemshukuru, amempa kiinua mgongo chake, amefuta viza. Alikuwa na siku thelathini za kuondoka nchini. Fedha zake zote, dirhamu elfu thelathini na nane, zilikuwa za mashine mbili za kufuma sweta za shule. Alikwishapata chumba cha kukodi Kitale, na shule tatu zilizomwahidi kazi. Muuzaji wa mashine, huko China, alitaka kulipwa kwa dola za mtandaoni. Alikuwa amemshikia bei mpaka mwisho wa mwezi. Binti yake, Daisy, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa ameshachora kibao cha duka kwa kalamu za rangi, akakipiga picha na kumtumia mama yake.

"Shem, hiyo ni damu yangu," Phyllis alimwambia. "Usiniangalilie kwa jicho moja."

"Mama Daisy, mimi siangalii kwa jicho moja."

Siku ya mapumziko ya Shem ilikuwa Alhamisi. Phyllis alikuwa bado akimalizia siku zake kwa madam, hakuweza kuja, basi Shem akaenda peke yake nyumbani kwa mzee. Alikuta mkeka umetandikwa, wali wa nazi unafuka, kuna samaki wa kupaka na achari ya embe.

"Karibu, mwanangu. Nimeambiwa leo umekuja kikazi."

"Kikazi kidogo tu, Mzee."

"Kazi itangoja. Haina tumbo."

"Umekonda wewe," Bi Ghania alisema, akimpakulia bila kuuliza. "Huko kwenu mnakula hewa?"

Alikula. Baada ya kunawa, kahawa ikaja, na mzee akatoa simu yake taratibu, akavaa miwani. Wateja wake wa Lubumbashi na Moroni, alieleza, siku hizi walikuwa wakimlipa kwa dola hizi. Mwanawe Thamer ndiye aliyemfungulia pochi na kumfundisha. "Kila nikimaliza kusali alfajiri nazitazama. Siku zinaingia, siku zinatoka, Thamer analipia mizigo. Hizi hapa." Dola elfu sitini na moja na ushei. Kontena lake lilikuwa limekwama bandarini, alihitaji dirhamu za mkononi Jumapili ile ile kulitoa, na ndiyo maana aliuza.

Shem alinakili anwani kwenye simu yake, akaitafuta katika daftari la wazi. Zilikuwepo, senti kwa senti. Kisha akaona, kwenye pembe ya kioo cha mzee, kialama kidogo cha jicho.

Alikijua kialama kile. Simu hukiweka pale ilipopewa anwani bila ufunguo. Ni simu ya kutazama tu.

"Mzee, humu unaweza kutuma?"

"Mimi?" Mzee alicheka. "Mimi natazama, mwanangu. Mwenye kutuma Thamer. Vidole hivi vya spana. Nikibonyeza kimoja, naua vitatu. Unataka kitu kitumwe? Ngoja nimpigie."

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, simu sikioni, akitabasamu kuelekea ukutani, na ikaita mpaka ikakatika. Bi Ghania aliacha kukusanya vikombe akamtazama mumewe, kisha akayaondoa macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Mzee aliilaza simu kifudifudi mkekani, akaunyoosha mkeka mahali ambapo haukuwa na mkunjo.

"Yuko kazini," alisema. "Ana mikutano huyu."

Pale ndipo ilipokuwa kazi yote ya Shem, katika pumzi moja. Alitakiwa kusema: nitangoja. Nitarudi kesho, aje yeye mwenyewe, atume salamu nikiona. Maneno haya alikwishawaambia watu arobaini bila kupepesa. Lakini wale hawakumlaza kwenye stoo yao. Harufu ya achari ilikuwa bado vidoleni mwake. Angemwambiaje mzee huyu, mbele ya mkewe, kwamba mwanao haitiki simu na mimi nataka kumpima?

"Haina haja, Mzee," alisema. "Nimeona. Inatosha."

"Una hakika? Mimi sitaki mtoto wa watu apate hasara mlangoni kwangu."

"Nina hakika."

Alikuwa kituoni akingoja treni ujumbe wa sauti wa Phyllis ulipoingia, akinong'ona, labda akiwa jikoni kwa madam: "Shem, umemaliza? Mbona salamu sijaiona?"

Treni ilipita, hakuipanda. Mwishowe alifungua pochi yake mwenyewe, yenye dola kumi na kitu za kujifunzia, akamtumia Phyllis dola moja. Moyoni aliipa jina zuri. Alijiambia anamtolea mzee nauli, basi. Mtu hulipa nauli ya mzazi bila kumtangazia kondakta.

"Imefika!" Phyllis aliandika. "Mungu akubariki."

Jumapili walikutana dukani Al Qusais. Phyllis alikuja na dirhamu kwenye mfuko wa unga, amevaa nguo ya kanisani. Mzee alizihesabu mara mbili, akamkabidhi wakala wa forodha aliyekuwa akingoja na karatasi zake, na wakala akaondoka kuelekea bandarini. Kisha mzee akampigia Thamer, na safari hii Thamer akaitika. "Zitume, baba," mzee alisema. Hata wao waliisikia sauti ya kijana, ambaye Phyllis hakumjua: ziko njiani, mtandao umejaa, baada ya alasiri.

Walingoja. Phyllis alionyesha picha ya kibao alichochora Daisy, mzee akaivalia miwani ili aione vizuri. "Mwambie rangi ya chungwa nzuri," alisema, "lakini herufi ya mwisho imebanwa. Apunguze ua." Adhana ikalia, mzee akaenda kusali nyuma ya rafu za pampu za maji.

Shem alikuwa ameshika simu yake, ameikodolea macho ile pochi kwenye daftari. Mzee aliporudi, akaketi, akajimiminia kahawa, dola zikaondoka. Arobaini elfu kwa mkupuo mmoja, kwenda anwani ambayo Shem hajapata kuiona. Simu ya mzee ilikuwa mezani. Mkono wake mmoja ulikuwa na kikombe, wa pili ulikuwa unatafuta tende.

Mzee alitupa jicho kwenye kioo, uso ukamfunguka.

"Alhamdulillahi! Zimepungua. Zimeshakwenda, mwanangu. Tazama kwako."

Phyllis alitazama. "Mimi bado nina ile moja, Mzee."

"Zitakuwa njiani."

Shem alikwishajua. Mtu mwenye arobaini elfu alikuwa mahali fulani duniani, anafanya shughuli zake, hajui wala hatajua kwamba kuna mzee wa Al Qusais anayemhesabia riziki kila alfajiri. Shem alijua, akasema, "Mtandao, labda." Huo ukawa uongo wa pili.

Usiku wa siku hiyo simu ya Thamer ilikuwa imezimwa. Jumanne aliandika kutoka Muscat, kwa mama yake, si kwa baba. Dola za wateja alizichezea kamari ya sarafu za mtandaoni, za kupanda na kushuka, zikaisha mwaka uliopita. Akamtafutia baba yake pochi ya mtu yeyote yenye fedha nyingi, akaiweka kwenye simu ya mzee ili atulie, mpaka atakapozirudisha. Mzee alimpigia Shem kumweleza. Hakulia. "Mwaka mzima," alisema, "namshukuru Mungu kwa mali ya mtu nisiyemjua." "Mama Daisy nitamlipa. Kontena limetoka, nitauza. Mwambie anipe muda."

Lakini muda ndio Phyllis hakuwa nao. Alhamisi alikuja dukani na Nick. Shem alikuwepo, aliitwa kama shahidi.

Mzee alianza kueleza: pochi haikuwa yake, naye alikuwa hajui, amedanganywa. Jina la mwanawe hakulitaja. Alisema tu "nimedanganywa na mtu." Nick alimkata.

"Mzee, na heshima zako zote, usituzungushe. Kama pochi haikuwa yako, hii dola moja ya huyu mama ilitoka wapi? Ilishuka na mvua? Hapa hata mvua hakuna."

"Dola ipi?"

"Ya salamu! Alhamisi ile. Shem alikuwa kwako, ukatuma, ikafika. Mtu asiye na ufunguo hawezi kutuma hata senti. Ama siyo, Shem? Salamu si ulichukua?"

Watu watatu wakamgeukia. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, likilia kwa mlio wake wa kukata, na Shem alitamani lisifike mwisho.

"Ndiyo," alisema. "Nilichukua."

Mzee Mundhir alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, na Shem akaona alipofika mwisho wa mstari, akaelewa. Ilikuwa zamu yake sasa ya kusema, mwongo huyu, mimi sijatuma kitu. Angesema, na wangemwamini nusu.

"Basi kama Shem kasema," mzee alisema, "itakuwa nilituma. Uzee huu. Mtu husahau."

Pengine alimsitiri mwanawe kwa maneno yale. Ingejulikana kuwa hakutuma, ingeulizwa aliyemdanganya ni nani. Pengine alimsitiri mtu aliyekula kwake. Shem amejiuliza hivi mara nyingi, na kila mara hutamani iwe la kwanza, kwa sababu la pili halibebeki.

Phyllis hakupaza sauti. "Kwa hiyo ya salamu uliweza, Mzee. Zangu ndizo zilikushinda." Alikunja mfuko wake mtupu wa unga mara mbili, mara nne. "Miaka tisa katika nyumba ya watu, sijachukua hata kijiko. Kesho saa nne naenda polisi."

"Mwizi mwenye tasbihi," Nick alisema mlangoni, kwa sauti ya kusikika na duka la jirani. Mwenye duka la jirani, Mhindi aliyemjua mzee miaka ishirini, alitoa kichwa, akakirudisha ndani.

Jioni Shem alikuta bakuli la chuma kwa mlinzi wa jengo analoishi. Ilikuwa Alhamisi, siku yake ya mapumziko, na Bi Ghania alikuwa hajasahau kumpelekea chakula. Alimpigia kushukuru, kwa sababu kutopiga kungekuwa jibu. Mama yule alisema, "Mundhir ananiambia nisikuulize kitu. Basi sikuulizi. Kula." Akakata.

Hakula. Aliwapa wenzake chumbani, akaliosha bakuli, akalisugua tena ingawa lilikuwa safi. Alimfikiria baba yake na lile jiwe. Miaka yote alidhani baba alilitoa kwa sababu hakumwamini mtu. Sasa aliona kwamba jiwe lilikuwa likimkinga mchungaji pia. Likishawekwa, hakuna wa kumsema. Yeye alimnyima Mzee Mundhir jiwe, akaliita jambo hilo heshima, na leo mzee hana cha kumtetea. Lau angengoja siku moja tu Thamer aitike, uongo ungefumuka pale mkekani, kati ya watu watatu waliopendana, na Phyllis angebaki na mfuko wake wa unga.

Ijumaa saa mbili asubuhi, bakuli lile likiwa kwapani, alibisha mlango wa chumba ambacho Phyllis alikuwa amekodi kitanda. Walisimama kwenye korido, karibu na viatu vya watu.

"Toa simu yako, Mama Daisy. Fungua ile dola. Soma imetoka anwani gani."

Shem mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma daftari, miezi mingi nyuma. Phyllis alisoma herufi sita za mwisho. Shem akaweka simu yake kando ya ile ya Phyllis, pochi yake ikiwa wazi. Herufi sita zile zile.

Ilimchukua Phyllis muda. Alizitazama simu mbili kama mtu anayelinganisha sura za ndugu.

"Hii ni yako," alisema.

"Ni yangu. Mzee hakutuma. Hakuweza kutuma. Niliona kwamba hawezi. Niliogopa kumwaibisha."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimekula kwao."

Mwanamke mmoja alipita kati yao na ndoo, wakampisha. Phyllis alingoja mpaka mlango wa bafu ukafungwa.

"Mimi pia ningekupikia, Shem," alisema. "Kama ndiyo bei, ungeniambia."

Aliingia ndani, akatoka na pochi ndogo ya kitambaa, akahesabu sarafu nne za dirhamu moja moja, zile zenye mchoro wa birika la kahawa, akazitia kiganjani mwa Shem na kumfunga vidole.

"Dola yako. Chenji usinirudishie. Sasa twende kwa mzee ukayaseme hayo mbele yake. Na Jumapili utayasema kwa watu."

Alikwenda. Duka lilikuwa halijafunguliwa, wakaenda nyumbani, na pale kwenye mkeka ule ule Shem alisema yote, kialama cha jicho, nauli, neno "ndiyo" la jana. Alikuwa ameazima matumaini njiani kwamba mzee atapumua. Mzee hakupumua. Aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Sasa na ya Thamer yameshajulikana," kwa sababu Phyllis alikuwa ameuliza, basi aliyekudanganya ni nani, na jina likatoka. Bi Ghania alisimama, akachukua bakuli lake kutoka mikononi mwa Shem, akaingia ndani. Kahawa haikuja.

Phyllis alimwomba mzee radhi kwa neno la Nick. Polisi hakwenda. Mzee aliuza vipuri vya kontena kwa bei ya kutupa, na siku tatu kabla ya Phyllis kuondoka alikuwa amemrudishia theluthi mbili. Mashine ikapatikana moja, kwa bei mpya.

Na Jumapili ile Shem alisimama kando ya jokofu la soda akasema. Hakukaa. Watu walisikiliza wakitazama vikombe vyao. Nick peke yake alijaribu, kwa mazoea, kuleta mzaha, akauacha. Kisha akasema, "Nimemwita mzee wa watu mwizi, Shem. Kwa mdomo wangu huu." Akatoka nje kuvuta sigara, na chai bila sukari ikaja, ikapoa mezani.

Duka la vipuri lina mwenye mwingine. Mzee Mundhir na Bi Ghania wanaishi Sharjah kwa binti yao Ashwaq. Phyllis anafuma sweta za shule mbili kati ya zile tatu, na mwisho wa kila mwezi hupokea kutoka Dubai, si Sharjah, kipande cha theluthi iliyobaki, bila ujumbe wowote.

Shem yuko Jebel Ali, kwenye lango la nyuma la ghala la matairi. Huandika namba za malori yanayoingia na yanayotoka. Zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi.